Mtoto anayeanzia pembeni hajapotea

Msafiri anayetoka Chalinze kwenda Korogwe ana barabara kuu inayopita Mkata na Segera. Lakini pale Mkata anaweza kukata kushoto, akapitia Handeni mjini na kutokea Korogwe. Asiyeijua njia hiyo atasema amepotea.

Katika sataranji, ambayo wengi huiita chesi, mtoto hufundishwa kwanza kusukuma askari wa katikati, maana anayeishika katikati ya ubao ana nafasi zaidi. Ni fundisho zuri, ila si njia pekee.

Machi 22, 1924, kwenye mashindano ya New York, Richard Réti wa Czechoslovakia alikutana na bingwa wa dunia, José Raúl Capablanca wa Cuba, ambaye hakuwa amefungwa tangu mwaka 1916. Réti hakukimbilia katikati. Alitoa farasi, akasogeza askari wa pembeni, kisha akawaweka maaskofu wake wawili karibu na pembe za ubao, wakiitazama katikati kwa mbali. Capablanca akapanga askari wake katikati. Hatua ya 16, Réti akaingia huko huko kwa askari wa malkia. Hatua ya 31, bingwa akakubali kushindwa.

Sasa mfikirie mtoto wa Handeni aliyekwenda likizo kwa mjomba wake Korogwe. Wanacheza, naye anaanza na askari wa pembeni. "Umekosea, rudisha!" anafoka mjomba. "Samahani, mjomba," anajibu, anarudisha. Hapo amejifunza jambo moja: mbele ya mkubwa, afadhali asifikiri. Kesho hata hesabu aliyoikokotoa kwa njia yake ataifuta kabla hajaulizwa.

Mjomba mwenye subira angesema, "Ehe, mjomba, hapo unataka kufika wapi?" Mtoto akiwa na jibu, aachwe aendelee. Asipokuwa nalo, atafungwa, na kufungwa huko kutamfundisha kuliko kufokewa.

Kuanzia pembeni si kukwepa kazi. Réti alijua wakati wa kuingia katikati, na hilo ndilo la kumsaidia mtoto: ajue anakokwenda na lini ataingia. Mzazi, kabla ya kusahihisha njia ya mwanao, muulize kwanza safari yake.