MPANGO WA BARABARA USOMWE KIJIJINI KWANZA



Msimu wa kahawa unakaribia na daraja letu la bondeni bado ni magogo mawili. Gari haipiti. Pikipiki inapita kiangazi tu. Gunia la maganda linatoka kibanjani kwa kichwa mpaka ng'ambo, na huko bodaboda anataja bei anayotaka. Hivi nani anashangaa watu wakiuza butura? Mlanguzi anafika mlangoni kahawa ikiwa bado mbichi mtini, fedha mkononi. Shida ya ada ndiyo inayomleta, lakini njia mbovu inamsaidia kupanga bei. Kila mwaka tunahubiriwa tuache butura. Tumesikia. Mbona daraja halihubiriwi?

Mwaka jana walikuja maofisa, wakapima, wakaandika, wakaondoka. Tulipofuatilia tukaambiwa mpango umeshapita. Umepita wapi jamani? Hapa kwetu haukupita.

Mchezo huu si mgeni. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka wananchi washiriki kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Mwaka uliofuata, 1972, ikaja Madaraka Mikoani, iliyoandaliwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, wakaletwa wakurugenzi wa maendeleo. Madaraka yalifika mkoani kweli, tena kwa Landrover, yakaishia ofisini Bukoba. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na huku Buhaya wazee walikuwa na chama kikuu chao tangu 1950. Sheria za 1982 ndizo zilizofungua njia ya kurudisha vyote viwili. Na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema kwamba kama angeanza upya, hayo mawili asingeyafanya.

Sasa tangu 2017 barabara za vijijini ziko chini ya wakala, TARURA, si halmashauri tena. Wako wanaosema ni afadhali, maana wahandisi wamewekwa pamoja na fedha za barabara haziliwi na shughuli nyingine. Hoja hiyo ina uzito, hatuikatai. Mhandisi anajua upana wa kalvati kuliko sisi. Lakini ni njia ipi inayobeba kahawa, ipi inayopitisha mama mjamzito kwenda zahanati, na maji hupanda mpaka wapi mwezi wa Aprili, hayo tunayajua sisi, na hayamo kwenye ramani. Tukimwuliza diwani anasema hiyo si kazi ya halmashauri. Basi ni ya nani? Kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa wanakaa Mkuu wa Mkoa, wabunge, wenyeviti wa halmashauri. Mwenyekiti wa kijiji hana kiti.

Na tusiambiwe kwamba tunaomba hisani. Mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Bodaboda analipa pampu, sisi tunamlipa bodaboda. Lami ya Bukoba mpaka Muleba ni nzuri, tunaifurahia, ila kahawa haioti kando ya lami.

Sheria Na. 7 ya 1982 inasema mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji. Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kabla mpango wa mwaka haujapelekwa juu, usomwe hapa kwa Kiswahili, na shilingi zake zitajwe. Na njia isipopewa fedha, sababu iandikwe, ibandikwe ukutani hapa.

Orodha yetu ya njia iko chini ya karatasi hii, daraja la bondeni likiwa la kwanza. Anayeona njia ya kitongoji chake imesahaulika aiandike kwa kalamu ya wino kabla ya mkutano mkuu. Siku hiyo itasomwa, itapigiwa kura, itaingia kwenye muhtasari na kugongwa mhuri, na wajumbe watatu wataipeleka Muleba kwa mkono. Hawatarudi bila nakala iliyosainiwa kupokelewa.

Kamati ya Gazeti la Ukutani
Chama cha Msingi