Maumivu yakiisha, kazi ndiyo inaanza

Najua nimeadimika. Wengine mmeniuliza kama nimehama mji, wengine mkadhani nimepata kazi serikalini. Hapana. Nilikuwa nauguza nyonga.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nyonga yangu ya kulia ilinitesa. Ilianza kama kichomi pembeni, chini kidogo ya kiuno. Baadaye nikawa siwezi kulalia ubavu wa kulia, na ngazi za ofisini nazipanda nimeshika ukuta. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa habari iliyochapwa. Nisipotembea, sili. Kwa hiyo mnielewe ninaposema kwamba haya si malalamiko ya mtu aliyekosa mpira wa jioni.

Hospitali niliyokwenda waliniambia kano za misuli ya makalio, pale zinaposhika mfupa wa paja, zimechoka na kuumia. Nikachomwa sindano. Wiki mbili baadaye maumivu yakawa yameyeyuka kama barafu juani. Nikarudi kuonyesha maendeleo, daktari akafurahi, akaniambia, "Umepona, endelea na shughuli zako." Nikapewa mkono, nikaondoka.

Jumamosi iliyofuata nikaungana na wenzangu kwenye mchakamchaka. Kilomita kumi! Tuliimba, tukapiga makofi, nikajiona mwanamume. Jumapili asubuhi nilishindwa kushuka kitandani. Nilirudi nyuma miezi minne.

Hoja yangu leo ni hii: tunachanganya kuisha kwa maumivu na kurudi kwa nguvu. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Wakati unaumwa unajikinga, huinami, hukimbii, mguu mmoja unafanya kazi ya miwili. Misuli inalegea na kano zinasahau kubeba mzigo. Dawa inaweza kuzima maumivu kwa siku chache, lakini hakuna sindano inayorudisha nguvu uliyoipoteza kwa mwaka mzima. Nguvu inarudi kwa kubebeshwa mzigo kidogo kidogo.

Hili si wazo langu la kijiweni. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika Australia kwa watu 204 wenye maumivu ya aina hii, wenye umri wa miaka 35 hadi 70. Kundi moja lilichomwa sindano, la pili likapewa elimu na mazoezi maalumu, la tatu likapewa ushauri na kusubiri tu. Baada ya wiki nane, waliosema wamepata nafuu ya maana walikuwa kama 77 katika kila 100 kwa kundi la mazoezi, 58 kwa kundi la sindano na 29 kwa waliosubiri. Mwaka mmoja baadaye kundi la mazoezi lilikuwa bado linaongoza. Mimi sijafika miaka 35, lakini somo nimelielewa.

Baada ya kuanguka kwangu kule, nilipelekwa kwa mama mmoja mtaalamu wa tiba ya viungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, kabla ya hizo kilomita kumi ulikuwa unatembea dakika ngapi kwa siku?" Sikuwa na jibu.

Alichukua karatasi akaandika. Kutembea dakika kumi kwenye tambarare, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kulala chali, kukunja magoti na kuinua makalio. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika kitu. Usiongeze mambo mawili kwa mpigo: ukiongeza dakika, mwendo uache ulivyo. Yape maumivu alama kuanzia sifuri hadi kumi. Yakifika tatu wakati wa zoezi, si neno. Lakini yakiamka na wewe kesho yake yakiwa makali kuliko jana, rudi hatua moja. Usiku, mto katikati ya magoti. Na kwenye daladala, acha kuegemea nyonga moja. Simama kwa miguu yote miwili. Hilo la mwisho lilinichekesha, mpaka nilipojichunguza njiani nikarudi nyumbani kimya.

Wiki ya kwanza nilikwenda Daraja la Tanzanite. Lina urefu wa kama kilomita moja, nikasema leo nalivuka kwa kutembea, basi. Wazee wa rika la baba yangu walinipita. Kijana mmoja akanirushia, "Kaka, betri imeisha?" Iliuma kuliko nyonga. Ndipo nikagundua adui wangu mkubwa alikuwa aibu. Tunaandika nyuma ya magari kwamba mwenda pole hajikwai, halafu tunamcheka anayekwenda pole.

Mkumbukeni Andy Murray, mcheza tenisi wa Uingereza. Mwezi Januari 2019 alifanyiwa upasuaji wa nyonga London, akawekewa chuma. Aliporudi mwezi Juni mwaka huo hakukurupukia mechi za peke yake. Alianza na za wawili wawili, ambako mwenzako anakusaidia kukimbia. Mwezi Oktoba akashinda taji la mchezaji mmoja mmoja mjini Antwerp. Tatizo lake lilikuwa kubwa kuliko langu, na alikuwa na watu wa kumhudumia. Lakini hata bingwa alikubali kuanza na robo.

Najua mtasema hizo ni habari za wenye hela, huku kwetu nani ana muda na pesa za kwenda tiba ya viungo kila wiki? Ni kweli. Mimi mwenyewe nilimudu mara tatu tu. Lakini kilichonisaidia zaidi ni ile karatasi moja, na karatasi haina gharama kubwa. Kama hospitali inaweza kuniandikia vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, inashindwaje kuniandikia dakika kumi wiki hii na kumi na tano wiki ijayo? Mgonjwa asiambiwe "umepona" bila kuambiwa aanzie wapi. Na sisi wagonjwa tusitoke mlangoni bila kuuliza. Viongozi wa mchakamchaka nao watenge kundi la nyuma, lenye kiongozi wake, la watu wanaotembea.

Mimi si daktari. Ukianguka ukashindwa kukanyaga, au nyonga ikauma pamoja na homa, usifuate karatasi yangu, nenda hospitali.

Sasa niko wiki ya 14. Nakimbia dakika moja, natembea mbili, mara nane. Asubuhi nyingine alama ni sifuri, nyingine ni mbili. Wiki iliyopita nilipanda ngazi zote za ofisini bila kugusa ukuta, na hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

Jumamosi nitakuwa nyuma kabisa ya kundi. Ukinipita, salamu inatosha.

Naomba kutoa hoja.