Busia na Malaba: Miji Inayopitwa na Walaji

Msafiri anayekwenda Hispania kutafuta vyakula vya kimaeneo huanza kwa kuchagua mji. Akitaka wali wa paella huelekea Valencia, kwani huko ndiko asili yake. Akitaka vitafunio vinavyopangwa juu ya vipande vya mkate, hufunga safari hadi San Sebastián, katika nchi ya Wabasque. Hadanganyiki kwamba Madrid peke yake yatosha kuionjesha Hispania nzima. Je, mlaji wa Afrika Mashariki huchagua vipi? Yanapotajwa mapishi, fikra hukimbilia Mombasa, Lamu na Unguja. Ziara za wanafunzi wa Kiswahili nazo mara nyingi hufuata njia iyo hiyo.

Hakuna anayeweza kuidharau pilau ya Pwani. Hata hivyo, kuifanya Pwani kuwa jiko pekee la eneo zima ni kosa, na Busia na Malaba ni ushahidi wa kosa hilo. Miji hii miwili ya mpakani, kwa upande wa Kenya, inajulikana zaidi kwa foleni za malori kuliko kwa vyungu vyake. Abiria wa Kampala huteremka, hugongewa pasipoti muhuri, kisha huondoka.

Anayetua mzigo na kuketi hukuta mengi. Ugali wa Busia si ule mweupe wa mahindi peke yake. Muhogo mkavu husagwa pamoja na mtama au wimbi, ukapatikana ugali wa rangi ya udongo ulio mzito mkononi. Kutoka Sio Port na Port Victoria, ukingoni mwa Ziwa Victoria, huja samaki wabichi na wa kukaushwa. Malaba nayo imo katika nchi ya Wateso, watu waliogawanywa na mpaka wa kikoloni. Ugali wao wa wimbi huitwa atap, na pombe yao ya wimbi, ajon, hunywewa na watu waliozunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kutoka Uganda huvuka matoke, mchuzi wa karanga na roleksi, yaani chapati iliyoviringwa pamoja na mayai ya kukaanga.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, faida haiishii tumboni. Samaki mdogo wa ziwani aitwaye dagaa nchini Tanzania ni omena nchini Kenya na mukene nchini Uganda. Ugali wa mahindi, mtu akishavuka kizuizi, hugeuka kuwa posho. Yupo pia mwanafunzi aliyekariri neno mnavu kwa ajili ya mtihani, ilhali ameila mboga hiyo tangu utotoni akiiita managu au osuga, asijue kwamba kamusi na sufuria ya mamaye vinazungumzia kitu kimoja. Isimu ya darasani ikutanishwe na soko, ndipo msamiati utakapopata ladha. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, haja ya kujua maneno ya pande zote mbili za mpaka imezidi.

Huenda mtu akapinga kwamba vyakula hivi vinapatikana pia Kakamega na Kisumu, na kwamba hoteli nyingi za mpakani huwawekea wageni chipsi na kuku wa kukaanga. Hoja ya kwanza ina ukweli, lakini haioneshi mahali pengine ambapo Waluhya, Wateso, Waluo na Waganda huuziana chakula barabara moja. Hoja ya pili ndiyo inayotia uchungu. Mwenye hoteli hupika anachoulizwa. Mgeni asipouliza mrenda na ugali wa wimbi, vyakula hivyo vitabaki vya nyumbani, kisha vya wazee, kisha vya kumbukumbu.

Hatari hiyo si ya kubuni, na dawa yake imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2021, UNESCO iliutambua mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya jadi kuwa mfano mwema wa uhifadhi wa urithi. Mradi huo uliwahusisha Waisukha wa magharibi mwa Kenya na Wapokot, na wanafunzi wa shule za msingi walishirikishwa katika kuorodhesha vyakula vya kwao. Ikiwa watoto wa shule za msingi waliweza, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina udhuru gani?

Basi ratiba ya ziara ijayo na iwe na siku mbili za mpakani: moja Busia kwa samaki na mboga, nyingine Malaba kwa wimbi. Daftari liwe mkono mmoja, tonge mkono wa pili. Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Asili hiyo huachwa mezani kabla ya kuachwa kinywani.