Pesa Zikikwama Kati ya Mitandao Miwili, Mteja Asigeuzwe Mpira

Simu yako inasema pesa zimetoka. Simu ya mwenye duka iko kimya. Ukipigia mtandao wako, unaambiwa, "Kwetu iko sawa, ongea na hao wengine." Hao wengine nao wanasema hawaoni chochote. Unga bado uko kwenye kaunta, na foleni nyuma yako imeanza kunung'unika.

Msimamo wetu ni huu: mteja hafai kuwa mjumbe kati ya kampuni mbili ambazo mashine zao hazijaelewana. Kampuni iliyokata pesa kwenye simu yako ndiyo inayofaa kuzifuatilia mpaka mwisho. Lakini nawe ukijua kinachoendelea huko nyuma, utajua la kufanya na la kuepuka.

Kwa nini mashine hazielewani

Zamani, ukitumiwa pesa kutoka mtandao tofauti na wako, ulipata ujumbe wenye msimbo, ukaenda nao kwa wakala kuzitoa. Tangu Aprili 2018, wateja wa M-Pesa na Airtel Money wanatumiana moja kwa moja. Aprili 2022 ikafika zamu ya till: ukiwa na laini ya mtandao mmoja, unaweza kulipia kwa till ya mwingine.

Mlango ulifunguliwa, lakini kila nyumba ilibaki na lugha yake. Mifumo hii imejengwa na watu tofauti, miaka tofauti, kwa zana tofauti. Ile ya zamani mara nyingi hutumiana ujumbe kwa mtindo wa SOAP, na mingi mipya hutumia JSON. Katikati lazima kuwe na programu ya kutafsiri, na tafsiri huharibika kwa vitu vidogo sana:

- Nambari ya simu. Mfumo mmoja huiandika ikianza na 07, mwingine 2547, mwingine +2547. Na programu iliyofundishwa kwamba kila nambari ya simu ya mkononi Kenya huanza na 07 itaikataa laini ya 01, hata kama ni halali kabisa.
- Kiasi. Huku shilingi 500 ni 500, kule ni 500.00. Kwa mfumo unaohesabu senti, ni 50000.
- Saa. Seva nyingi hutumia saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Ukilipa saa nane usiku tarehe 1 Juni, seva hiyo itaandika saa tano usiku tarehe 31 Mei. Anayetafuta malipo ya Juni hatayaona.

Makosa ya aina hii yana afadhali, kwa sababu mara nyingi muamala hukataliwa palepale. Linaloumiza zaidi ni kimya.

Kimya si kukataliwa

Mfumo wa kwanza ukituma agizo, husubiri jibu kwa muda mfupi tu. Jibu likichelewa, hukata mawasiliano. Sasa kuna mambo mawili yanayowezekana: agizo halikufika, au lilifika, pesa zikaingia, halafu jibu likapotelea njiani. Ukiwa upande wa kwanza, huwezi kutofautisha hayo mawili bila kuuliza tena.

Mifumo iliyojengwa vizuri hulipa kila agizo nambari yake ya kipekee. Likirudiwa na nambari ileile, upande wa pili hujibu kwamba tayari limeshafanywa. Lakini wewe ukibonyeza upya, unaanzisha muamala mpya wenye nambari mpya. Mashine haijui kwamba ni unga uleule. Hivyo ndivyo mtu hulipa mara mbili.

Fanya hivi

1. Usirudie kulipa kabla ya kuangalia salio na taarifa ya miamala yako.
2. Usifute ujumbe wowote. Nambari ya muamala ndiyo ushahidi wako.
3. Anza na kampuni iliyokata pesa. Wape nambari ya muamala, kiasi, saa na nambari ya till, kisha uitishe nambari ya malalamiko.
4. Usimpe mtu PIN yako. Hakuna muamala uliokwama unaohitaji PIN ili ufuatiliwe, na anayeiomba ni tapeli.
5. Ukiwa mwenye duka, amini ujumbe ulioingia kwenye simu yako, si ule unaoonyeshwa na mteja. Hata hivyo, usimwite mwizi. Huenda kweli amelipa.

Kampuni nazo zifanye nini

Wapo wanaosema kila kampuni huona upande wake tu. Ni kweli, na ndiyo sababu nambari moja ya muamala inafaa kusafiri na pesa kutoka mwanzo hadi mwisho, isomeke pande zote mbili. Vitabu vya pande zote vilinganishwe kila siku bila kungoja mteja alalamike. Na pesa ama zifike, ama zirudi, mteja akijulishwa kwa ujumbe.

Hili si jambo la mafundi peke yao. Kwa mama mboga anayeenda soko la Wakulima alfajiri, shilingi 2,000 zilizokwama zinaweza kuwa mtaji wote wa siku hiyo. Kumwambia angoje siku tatu ni kumwambia asifungue kibanda.

Kwa hivyo ukiambiwa "kwetu iko sawa", usikate simu. Uliza kwa upole: "Sasa hivi pesa zangu ziko wapi, na ni nani anazifuatilia?" Una haki ya kujibiwa yote mawili.