Injini Inazunguka, Mbona Haiwaki?

Miongoni mwa maswali ambayo wenye magari huuliza, hili huja na uchungu wa pekee: "Nikipiga stata injini inazunguka, lakini haiwaki." Na likiulizwa na mwenye Subaru Impreza WRX, basi, msomaji mpendwa, jua kwamba kuna mfuko unaotetemeka mahali.

WRX si geni kwetu. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1992, na Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiendesha Impreza, kisha Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000, vijana wetu walikuwa wamekwisha kuchagua gari la ndoto zao. Leo mengi ya magari hayo yamezeeka. Yamepita mikononi mwa watu watatu au wanne, na anayeyanunua ni kijana aliyeanza kazi juzi, ama baba aliyemshawishi mama watoto kwamba hilo ni gari la familia maadamu lina milango minne. Likigoma asubuhi moja, pesa zinazotafutwa ni zile zile za karo.

Hapo ndipo makosa huanza. Fundi wa kwanza anasema ni plagi, zinanunuliwa. Wa pili anasema ni pampu ya mafuta, inanunuliwa. Wa tatu anaitaka betri mpya. Kufikia Jumapili gari lina vipuri vipya vya maelfu ya shilingi na bado limelala uani kama kibanda cha kuku, ila kibanda cha kuku hakilipiwi bima.

Kumbe lile gari limekwisha kutoa ushahidi wake. Injini inayozunguka kwa nguvu imetuambia kwamba stata ni nzima na kwamba betri ina uhai. Kinachokosekana ni kimoja kati ya vitu vitatu: cheche, mafuta, au mgandamizo wa hewa ndani ya silinda kwa wakati wake. Kazi ya fundi ni kujua ni kipi kabla hajafungua pochi yako.

Tega sikio kwanza. Injini nzima ikipigwa stata hutoa mlio wa kupanda na kushuka, kwa sababu kila silinda inashindana na hewa inayoibana. Lakini ukisikia mlio mwepesi, wa haraka na usio na mapigo, kama mashine ya kushona isiyo na kitambaa, ondoa mkono kwenye ufunguo. Usijaribu tena, hata mara moja.

Sababu ni hii. WRX nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zilizotoka Japani zina injini iitwayo EJ20, ya lita 2 na silinda nne zilizolala ubavu, mbili huku na mbili kule. Mshipi mmoja wa taimingi huzungusha kamshafti zake zote nne, na huo huo ndio unaoendesha pampu ya maji. Mshipi ukikatika au ukiruka meno, vali hubaki wazi wakati ambao zilipaswa kufungwa, na pistoni huzigonga zikapinda. Hapo hesabu si ya plagi tena. Ni kufungua vichwa vya injini, au kwenda kutafuta injini nzima iliyokwisha kutumika Japani.

Ndiyo maana ile desturi yetu ya kuwaita wapita njia waje wasukume gari haifai hapa. Kusukuma humsaidia mwenye betri iliyokufa. Injini yako tayari inazungushwa na stata, kwa hiyo wale vijana watatokwa na jasho bure, na kama mshipi umeruka watazidisha uharibifu.

Ikiwa mlio ni wa kawaida, nenda kwenye mafuta. Zima redio, nyamazisha watoto, kisha washa ufunguo bila kupiga stata. Chini ya kiti cha nyuma pampu inapaswa kunguruma kwa muda kama wa sekunde mbili. Kimya? Angalia fyuzi na rilei kabla ya kulaumu pampu yenyewe. Na hapa Nairobi kuna mshukiwa mwingine ambaye hayumo katika kitabu cha Mjapani: king'ora cha wezi. Mafundi wanaovifunga vifaa hivyo aghalabu hukata waya wa pampu au wa cheche na kuupitisha kwenye kifaa chao. Kiungo kikilegea, gari linakuona wewe mwenyewe kuwa mwizi. Tazama pia kama taa ya ufunguo inametameta kwenye dashibodi.

Pampu ikinguruma, tafuta cheche. Plagi za Subaru zimejificha ubavuni na kuzifikia ni taabu, basi anza na rahisi: mtu apige stata nawe utazame mshale wa mizunguko ya injini. Usipotikisika kabisa, ishuku sensa ya krenkishafti, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Isiposema, kompyuta haitoi cheche wala mafuta. Hiyo ni dalili tu, si hukumu, kwa hiyo mwambie fundi aipime. Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha P0335, ndiyo hiyo. P0340 ni ya kamshafti.

Plagi ikitolewa, iangalie na uinuse. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yapo na cheche haipo, au injini imefurika kwa kupigwa stata mno. Iliyofurika mara nyingi hupona ukikanyaga mafuta hadi mwisho unapopiga stata, maana kompyuta hukatiza petroli. Sekunde kumi zatosha, kisha iache stata ipoe.

Jambo moja sitalinyamazia. Wapo wanaomimina petroli kwa kifuniko cha chupa kwenye njia ya hewa "ili ishtuke". Injini ikitema moto nyuma, kinachoshtuka ni uso wa fundi.

Kwa anayenunua WRX kuukuu, swali la kwanza lisiwe la turbo. Uliza mshipi wa taimingi ulibadilishwa lini. EJ20 huutaka mpya kwenye kilomita 100,000 hivi. Asipokuwa na risiti, hesabu kwamba haukubadilishwa, na upunguze bei kwa gharama ya mshipi, roda zake, kikaza mshipi na pampu ya maji, vyote pamoja. Kazi ikiisha, fundi aandike tarehe na kilomita kwa wino usiofutika juu ya kifuniko cha mshipi.