Chupa iliyofunguliwa si hasara

Wapo wenye baa wanaokataa kuuza mvinyo mwekundu kwa glasi, wakihofia kuwa chupa ikishafunguliwa kinachobaki ni hasara. Hofu hiyo inawafukuzia wateja. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150, na si kila mnywaji ana fedha za chupa nzima.

Mvinyo mchanga, ukiwemo wa Dodoma, una ukakasi ambao hewa huupunguza. Glasi ya kesho yaweza kuwa laini kuliko ya leo. Hewa ikizidi, hugeuka siki. Dawa ni rahisi: kinachobaki kimiminwe katika chupa ndogo hadi shingoni, kizibwe na kuwekwa kwenye jokofu. Hudumu siku tatu hadi tano. Anayemwaga anamwaga mtaji wake.