Dirisha jipya, jiko la zamani



Kipupwe kimeshaingia Nyanda za Juu Kusini, na pamoja nacho zimeingia barua za msimu wake. Miongoni mwazo imo moja kutoka Makambako ambayo tumeisoma zaidi ya mara moja. Dada yetu aliyeiandika anaeleza kwamba familia yake, baada ya kuuza mbao za shamba lao, imejaaliwa fedha za kubadili madirisha ya nyumba. Mumewe anataka ya aluminiamu yenye vioo vya giza, kama aliyoyaona Dar es Salaam. Yeye anapendelea fremu za mbao na mapazia mazito. Hawajaafikiana, nao wanatuomba tuwe waamuzi. Kisha, chini kabisa ya barua, anaongeza kwamba chumba kitakachoanza ni cha mama mkwe wake, kwa kuwa dirisha lake limeoza, nyufa zake zimezibwa kwa matambara, na mama hapati usingizi bila jiko la mkaa chumbani.

Tutajibu yote, ila tutaanza na mstari ule wa mwisho, kwa sababu ndani yake mna roho ya mtu.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho kama ufanyavyo moshi. Kwa hiyo jiko lililokolea, lenye makaa mekundu yasiyotoa moshi hata kidogo, humdanganya mtu akadhani limekwisha kuwa salama, hali sumu ingali inatoka. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa hewa ingawa mtu anapumua. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na miguu humlegea. Aliyelala huenda asihisi chochote, wala asiamke.

Sasa tulitazame lile dirisha bovu. Upepo wa Makambako, ambao kila msafiri aliyeshuka kituo cha TAZARA usiku anaufahamu, umekuwa ukipenya katika nyufa zile miaka yote. Mama amekuwa akiulalamikia, na mwanawe amekuwa akiuzibia matambara. Lakini upepo huohuo yumkini ndio uliokuwa ukiitoa sumu nje kidogo kidogo. Fundi atakapoweka dirisha jipya, lenye mpira unaobana na kioo kisicho na ufa, baridi itazuiwa, na sumu nayo itazuiliwa humohumo ndani. Jiko ambalo mama amelilalia miaka mingi bila madhara linaweza kumdhuru usiku wa kwanza wa dirisha zuri.

Kwa hiyo hukumu yetu ya kwanza ni hii: jiko litoke chumbani kabla fundi hajaingia. Kuacha dirisha wazi kidogo au kutegemea matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta hakutoshi kulifanya jiko la mkaa kuwa salama mahali watu wanapolala. Na ikitokea siku moja mkamkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, mtoeni nje penye hewa safi mara moja, fungueni milango, na mumpeleke hospitali hata kama amezinduka.

Waislamu tuna sababu ya ziada ya kulishika jambo hili. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume (s.a.w) alipopewa habari aliwatanabahisha masahaba kuwa moto ni adui yao, akawaamuru wauzime wanapokwenda kulala. Basi kuzima jiko usiku ni mafunzo tuliyopewa kabla sayansi haijatueleza habari za hewa hii.

Nani amweleze mama? Kwa maoni yetu, asiwe mkwe. Maneno ya kuondolewa jiko yakitoka kinywani mwa mke wa mwana, huenda yakasikika kama kunyimwa. Mwana mwenyewe na aende akaketi karibu na mama yake, na amweleze kwa upole ule tulioamrishwa katika Suratul-Israa juu ya wazazi wawili. Na asiende mikono mitupu. Mtu mzima haondolewi joto bila kupewa joto jingine.

Joto hilo litatoka wapi? Hapa ndipo habari ya madirisha inapoanza.

Nyumba ya Dar es Salaam hujengwa ili ipitishe upepo. Nyumba ya Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yapaswa kujengwa ili ipitishe jua na kuzuia upepo. Anayenakili madirisha ya pwani na kuyaleta huku juu hujinunulia baridi kwa fedha zake. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, jua la mchana kwetu huwa upande wa kaskazini, ambao ndio upande wa kibla, na pepo za baridi huvuma zaidi kutoka kusini na mashariki. Kwa hiyo chumba chenye dirisha la upande wa kibla hupata jua wakati linapohitajika zaidi. Ikiwa chumba cha mama kimeelekea kusini, ushauri wetu ni kwamba abadilishane na vijana kabla hata ya kununua kioo. Mabadiliko hayo hayana gharama.

Ama kuhusu fremu, bwana na bibi wote wawili wana sehemu ya haki. Aluminiamu haiozi, haivimbi kwa mvua, wala haihitaji rangi. Lakini ni madini, na madini hupitisha baridi upesi. Ndiyo maana alfajiri huiona imelowa kwa umande upande wa ndani, na maji yale yakiachwa hulea ukungu ukutani. Mbao haipitishi baridi upesi, na mkoa wetu una misonobari ya kutosha, ambayo mafundi huiita paini. Ila ni lazima iwe imekaushwa vyema na kutiwa dawa. Mbao mbichi huonekana nzuri siku ya kufungwa, kisha hupinda, na mwaka unaofuata mnarudi kwenye matambara.

Linalozidi aina ya fremu ni namna dirisha linavyofunga. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, na mara nyingi huacha upenyo pale vioo vinapopishana. La bawaba hufunguka lote, na likifungwa hukandamiza mpira wake pande zote. Kwa mji wa upepo kama Makambako sisi tungechagua la bawaba, liwe la mbao au la aluminiamu. Fundi apime upana na urefu mahali patatu patatu na kushika kipimo kidogo, kwa kuwa kuta zetu si aghalabu kunyooka. Nyufa kati ya fremu na ukuta zizibwe kabla ya lipu. Na palipo na nondo, angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, ili moto ukizuka pasiwe na mtu wa kunaswa.

Vioo vya giza tunavisemea peke yake, kwa kuwa wengi huvinunua kwa nia njema ya sitara. Vile vinavyong'aa nje kama kioo cha kujitazamia huficha kwa sababu mwanga wa nje umeuzidi wa ndani. Jua likishatua na taa ikiwashwa, mambo hugeuka: aliye ndani hujiona mwenyewe kiooni, na apitaye barabarani huwaona wote waliomo sebuleni. Tunafahamu nyumba ambazo kina mama wamevua mitandio kwa amani wakidhani wamestirika. Tena kioo cha giza hupunguza jua, na jua ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Basi kioo kiwe cheupe, na sitara iachiwe pazia.

Sitara ya nyumba si jambo la mapambo tu. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, waumini wamefunzwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka wabishe hodi na kuwatolea salamu wenyewe. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (s.a.w), naye akaeleza kuwa ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho. Apitaye njia ana wajibu wa kuinamisha macho, na mwenye nyumba ana wajibu wa kutomtia mtihanini.

Pazia la huku kwetu na liwe la tabaka mbili. Ndani ya kioo kuwe na shela nyepesi ya mchana, inayoleta mwanga na kumzuia mpita njia. Mbele yake kuwe na pazia zito lenye bitana, upana wake mara mbili ya dirisha ili likunjamane, livuke fremu kiasi cha sentimita 15 au 20 kila upande, na lishuke mpaka karibu na sakafu. Pazia linaloishia kwenye kizingiti huachia baridi ya kioo imwagike chini na kutambaa chumbani. Lifungueni jua linapochomoza, na lifungeni kabla ya adhana ya Magharibi, joto la mchana lingali ndani. Kitambaa chenye picha za wanyama na watu kiepukwe, kwani habari ya pazia la Bibi Aisha (r.a), lililokatwa likafanywa mito, inajulikana. Na kamba ndefu za kuvutia zisining'inie mahali mtoto mdogo anapoweza kuzifikia na kujinyonga.

Haya yote hayalazimu kufanywa siku moja. Fedha zikiwa chache, anzeni na vyumba vya kulala vya mama na watoto, sebule isubiri. Takeni makadirio kwa mafundi watatu, yakitaja unene wa kioo na aina ya mpira. Makubaliano yaandikwe, pamoja na kiasi cha malipo ya awali na tarehe ya kumaliza; agizo la kuandika tunapodaiana ni refu na wazi katika Suratul-Baqara, aya ya 282, na halikumtoa fundi tunayesali naye safu moja.

Turudi kwa mama. Siku fundi atakapomaliza, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringwa kitambaa iwekwe miguuni pake, mablanketi mawili mepesi badala ya moja zito, soksi, na kofia au mtandio wa sufi kichwani. Uji wa moto anywe jikoni penye moto na watu, kisha asindikizwe chumbani. Mjukuu mmoja na alale naye wiki ya kwanza, asije akajisikia mpweke akalifuata jiko uani usiku wa manane.

Dada yetu, tutakie kheri kwa mumeo, na umfikishie mama shikamoo yetu. Utakapoandika tena, tuarifu kwanza jiko linalala wapi; habari za rangi ya mapazia zitafuata.

Wabillahi tawfiq.